Salum Abdallah na Cuban Marimba: Kiswahili katika Kuinuka kwa Muziki wa Dansi, Kutoka Morogoro Hadi Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 imezoeleka kuandikwa kwa kufuata njia ya karatasi. Hutajwa gazeti la Mamboleo lililoanza mwaka 1923, hutajwa Shaaban Robert (1909–1962) na diwani zake, kisha hutajwa mgogoro wa ushairi wa mapokeo na ule wa kisasa. Ni mara chache kutajwa watunzi waliotunga kwa ajili ya sikio na miguu, ambao kazi zao ziliwafikia watu wengi ambao hawakupata kushika diwani hata siku moja. Miongoni mwa watunzi hao yumo Salum Abdallah Yazidu wa Morogoro, aliyefahamika pia kwa herufi za kwanza za majina yake, SAY. Alikuwa mwimbaji, mtunzi na kiongozi wa bendi ya Cuban Marimba, na mmoja wa watu waliochukua muziki wa dansi wa Kuba na kuufanya uzungumze Kiswahili.

Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi mwanamuziki huyo alivyoinuka, na kupitia kwake kujibu swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja: je, wimbo wenye mapigo ya ng'ambo na maneno ya Kiswahili ni mali ya nani? Swali hilo lilipoulizwa miaka ya 1960 halikuwa la darasani tu. Lilihusu kipi kihesabiwe kuwa utamaduni wa taifa jipya na kipi kiachwe nje. Ili kulijibu haitoshi kumtazama mwimbaji peke yake. Inafaa kuwatazama pia wasikilizaji, na kwa sababu hiyo mhadhara utafika hadi Nachingwea na Ruangwa, sehemu za Kusini ambazo kwa kawaida hazitajwi katika historia ya dansi.

2.0 Santuri Zilizovuka Bahari

Muziki wa Kuba haukuletwa Afrika Mashariki na Wakuba. Uliletwa na biashara ya santuri. Mwaka 1930, huko New York, okestra ya Don Azpiazu pamoja na mwimbaji Antonio Machín ilirekodi wimbo El Manisero, yaani muuza karanga, na wimbo huo ukavuma duniani kote. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya santuri ya Uingereza iliyotumia alama ya HMV ilianza kutoa mfululizo wa sahani uliotambulishwa kwa herufi GV. Sehemu kubwa ya sahani hizo zilikuwa nyimbo za Kuba na za nchi jirani zake, na soko lililolengwa lilikuwa Afrika. Makundi kama Sexteto Habanero na Trio Matamoros yalisikika katika maduka ya miji ya Afrika Magharibi, Kongo na Afrika Mashariki, kwa watu wasiojua neno hata moja la Kihispania.

Huku Tanganyika sahani hizo zilikuta uwanja uliokwisha kulimwa. Miji ya pwani ilikuwa na ngoma ya beni tangu mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, sare zake, vyeo vyake na mashindano yake. Baada ya beni kulikuja dansi, yaani kucheza kwa jozi ndani ya ukumbi, kwa vyombo vya nyuzi na vya kupuliza. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Neno "jazz" katika majina hayo halikumaanisha muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Lilimaanisha bendi ya dansi tu, na hata wapenzi wa bendi hizo walilitumia hivyo. Hili ni jambo la kuzingatia kwa mwanafunzi wa lugha, kwani neno lililokopwa halikuja na maana yake yote. Lilipokelewa likapewa kazi mpya.

3.0 Kijana wa Morogoro

Salum Abdallah alizaliwa mwaka 1928. Mji wa Morogoro wa wakati huo ulikuwa mji wa reli na mkonge. Reli ya Kati iliufikia mwaka 1907, na mashamba ya katani yaliyouzunguka yalileta vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Milima ya Uluguru ilikuwa juu yake, lakini barabarani na sokoni Kiluguru hakikutosha. Lugha ya mji ilikuwa Kiswahili.

Katika ujana wake Salum alipata mapenzi makubwa ya nyimbo za Kuba alizozisikia katika santuri. Mapenzi hayo yalimfanya aondoke nyumbani kwa nia ya kusafiri mpaka Kuba kwenyewe. Safari hiyo iliishia Mombasa, akarudishwa Morogoro. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha ujana, lakini kina uzito wake katika historia ya utamaduni. Kijana wa Kiafrika katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza hakutamani London wala Cambridge. Alitamani nchi ambayo utawala wa kikoloni haukuwa umemfundisha kuitamani, na aliijua kwa sauti peke yake.

Alipokosa kuifikia Kuba, aliamua kuitengeneza alipo. Mwaka 1948 alianzisha kundi lililoitwa La Paloma, yaani njiwa. Jina hilo lilitokana na wimbo maarufu wa mtunzi wa Kihispania Sebastián Iradier, uliotungwa katikati ya karne ya 19 kwa mapigo ya habanera yaliyotoka Havana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina la kundi lilikuwa limekwisha kuwa Cuban Marimba Band, na ndilo lililodumu.

Uongozi wa bendi katika zama hizo haukuwa kazi ya kuimba tu. Vyombo vilikuwa ghali, na mwanamuziki wa kawaida hakuweza kununua gita lake. Kiongozi alipaswa kutafuta vyombo, kuwatunza wapigaji, kupata ukumbi na kupatana na wafanyabiashara wa santuri. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri, na bendi zilizotaka kurekodi zilitegemea kampuni za Kenya. Sehemu ya nyimbo za Cuban Marimba ilitolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa. Kwa hiyo mji uliomzuia kijana asiende Kuba ndio uliokuja kumtawanyia sauti yake Afrika Mashariki.

4.0 Jina la Bendi na Safari ya Neno

Jina Cuban Marimba linastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Mpangilio wake ni wa Kiingereza: kivumishi kimetangulia nomino. Kwa sarufi ya Kiswahili lingekuwa Marimba ya Kuba. Neno la kwanza linataja kisiwa cha Karibi. Neno la pili, ambalo ndilo kiini, ni la Kibantu. Lina kiambishi cha ngeli ya sita, ma-, na kwa Kiswahili hupatanishwa hivyo hivyo: marimba yanalia, marimba yake yamevunjika. Neno hili na ndugu zake hupatikana katika lugha nyingi za Kibantu, likitaja ala za vibao vya kugonga au za vijiti vya chuma vya kubonyeza kwa vidole. Wagogo wanayo ilimba yao, na Wazaramo wana marimba yao.

Neno hilo lilivuka Atlantiki pamoja na watu waliouzwa utumwani, na Kuba ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho katika Amerika kufuta utumwa, mwaka 1886. Huko mashariki ya kisiwa palitokea ala iitwayo marímbula, sanduku lenye vijiti vya chuma, ambalo katika makundi ya kale ya muziki wa son lilitoa sauti ya chini kabla ya kuja kwa besi la nyuzi. Neno mambo nalo, lililokuja kuwa jina la mtindo wa dansi, wataalamu wengi hulihusisha na Kikongo, ambamo mambu ni wingi wa diambu, ndugu wa jambo na mambo ya Kiswahili.

Haidhaniwi kuwa kijana wa Morogoro alifanya utafiti wa etimolojia kabla ya kuibatiza bendi yake. Hata hivyo jina alilochagua linaonyesha ukweli ambao wakosoaji wa dansi waliusahau. Kilichoitwa muziki wa kigeni kilikuwa kwa sehemu kubwa muziki wa wajukuu wa Waafrika. Mapigo yaliyorudi kwa meli ndani ya santuri hayakuwa mageni kabisa katika masikio yaliyozoea ngoma. Sauti ya vijiti viwili vinavyogongana kushika mapigo, sauti ya kayamba, na mwimbaji anayeongoza huku kundi likiitikia, vilikuwa ni vitu vinavyotambulika.

5.0 Irabu Tano na Mizani Nane

Kufanana kwa mapigo hakuelezi kila kitu. Yapo maswali ya lugha. Kwa nini nyimbo za Kihispania, lugha isiyofahamika, zilikuwa rahisi kuigwa na kisha kutiliwa maneno ya Kiswahili, kuliko nyimbo za Kiingereza, lugha iliyokuwa ikifundishwa shuleni?

Sehemu ya jibu imo katika fonolojia. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Maneno yake yanayoishia kwa irabu kwa kawaida hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, kama yalivyo maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo msikilizaji wa Morogoro aliposikia paloma au maraca, masikio yake yalipokea umbo la neno alilolizoea, ingawa maana ilikuwa imefichika. Kiingereza, chenye irabu nyingi na konsonanti zinazorundikana mwishoni mwa neno, hakikumpa urahisi huo. Lahani iliyoundwa kwa mkazo wa Kihispania iliweza kubeba neno la Kiswahili bila kulivunja mgongo.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu arudhi. Mstari unaopendwa zaidi katika nyimbo na mashairi ya watu wa Uhispania na Amerika ya Kihispania ni wa silabi nane. Shairi la kumi linaloitwa décima, ambalo limeota mizizi Kuba, lina mistari kumi ya mizani nane nane. Shairi la Kiswahili la tarbia, kwa upande wake, lina mishororo ya mizani kumi na sita, iliyogawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, kila kimoja mizani nane. Na utenzi, bahari ya tenzi zetu kubwa, hutumia mstari wa mizani nane. Mtunzi aliyelelewa na sauti za tenzi na mashairi alipokutana na lahani ya Kuba alikuta chombo ambacho kipimo chake kilikaribiana na kipimo alichonacho.

Isisemwe kuwa watunzi wa dansi walikaa wakihesabu mizani. Wimbo wa dansi una uhuru wake: hurudia, hukatiza, huongeza vijineno vya kushangilia, huacha gita lijibu mahali pa mwimbaji. Lakini uhuru huo ulikuwa juu ya msingi, na msingi huo ulikubaliana na Kiswahili. Ndiyo sababu hatua za mabadiliko zilikwenda haraka. Kwanza waimbaji waliiga maneno ya Kihispania kwa sauti tu, pasipo maana. Kisha walichanganya, ubeti wa Kiswahili na kiitikio cha sauti za Kikuba. Mwishowe wimbo wote ukawa wa Kiswahili, na yaliyobaki ya Kuba yalikuwa mapigo, mtindo wa gita na majina ya mitindo kama rumba na chachacha. Chachacha yenyewe ilikuwa mpya hata kwao, kwani ilizaliwa Havana mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kazi ya Enrique Jorrín. Haikupita miaka mingi ikawa inachezwa Morogoro.

Msamiati nao ulifuata. Bendi, gita, dansi, rumba na santuri yaliingia katika ngeli na kukaa. Kiswahili hakikutosheka na nomino za kukopa. Kilitoa vitenzi vyake: rumba ikawa inasakatwa, na watu wakawa wanaserebuka. Lugha inapompa kitu kigeni kitenzi chake cha nyumbani, hiyo ni dalili kwamba kitu hicho kimekwisha kupewa makazi.

6.0 Mashindano na Redio

Cuban Marimba haikukua peke yake. Katika mji ule ule kulikuwa na Morogoro Jazz, ambayo katikati ya miaka ya 1960 ilimpata kijana mpiga gita Mbaraka Mwinshehe. Mji mmoja, bendi mbili, na kila moja na mashabiki wake. Mfumo huu wa jozi haukuwa mpya. Ndio uliokuwa katika beni, ndio uliokuwa katika lelemama ya akina mama wa pwani, na Tanga iliuonyesha tena katika Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, alionyesha kwamba jamii za pwani zilipokea umbo la kigeni lakini zikalitia ndani ya desturi yao ya mashindano. Dansi ilithibitisha jambo hilo. Ushindani ulimlazimisha mtunzi awe na maneno mapya, mafumbo mapya na vijembe vipya. Hivyo ushindani ulikuwa shule ya lugha.

Jambo jingine lililomwinua Salum Abdallah ni redio. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio hiyo ilihitaji nyimbo za Kiswahili kuliko santuri zilizokuwapo zilivyoweza kutosheleza. Bendi zilipata njia ya kusikika nje ya miji yao bila msikilizaji kununua sahani. Mtu hakuhitaji kuwa Mluguru wala kuwahi kufika Morogoro ili kuujua wimbo kama Ngoma Iko Huku. Hata anwani ya wimbo huo inasema jambo kwa mwanafunzi wa semantiki: ni wimbo wa bendi yenye magita, na bado unajiita ngoma, kwa sababu katika Kiswahili ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni hafla yenyewe inayowakusanya watu.

7.0 Wasikilizaji wa Kusini: Nachingwea na Ruangwa

Ili kupima uzito wa Kiswahili katika nyimbo hizi, inafaa kuhama Morogoro na kutazama mahali palipo mbali na Reli ya Kati. Nachingwea na Ruangwa zimo leo katika Mkoa wa Lindi, katika nchi inayohesabiwa kuwa ya Wamwera pamoja na majirani zao, Wamakonde, Wamakua na Wayao. Wakati wa ukoloni zilikuwa sehemu ya Jimbo la Kusini, jimbo ambalo maendeleo ya dola yalilipita kando kwa miaka mingi.

Mwaka 1947 hali hiyo ilibadilika kwa ghafla. Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Afrika Mashariki, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Vituo vyake vitatu vilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na Kusini ndiko kulikotegemewa kuwa na mashamba makubwa zaidi. Reli mpya ilijengwa kutoka pwani kwenda Nachingwea, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kupoteza takriban paundi milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli yenyewe iling'olewa. Ni jambo la kukumbukwa kwamba wimbo uliofungua njia ya rumba duniani ulihusu muuza karanga, na kwamba karanga ndizo zilizoipa Nachingwea mishahara yake ya kwanza mikubwa na hasara yake ya kwanza kubwa.

Mpango ulishindwa kutoa karanga, lakini ulikusanya watu. Katika kambi za kazi Mmwera alifanya kazi pamoja na Mmakonde, Mngoni, Myao na wageni waliovuka Mto Ruvuma. Makarani, madereva na mafundi walitoka mbali zaidi. Lugha ya kuamrishana, ya kulipana, ya kuchekana na ya kuburudishana ilikuwa Kiswahili. Mahali pa namna hiyo palikuwa na masharti ambayo wimbo wa dansi huyahitaji: watu wenye ujira, mbali na ngoma za vijijini kwao, wenye lugha moja ya pamoja. Redio za betri zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1950, sharti la mwisho lilitimia.

Hapo ndipo uamuzi wa Salum Abdallah na wenzake wa kuimba kwa Kiswahili unapoonekana ukubwa wake. Wimbo wa Kihispania ungebaki kuwa sauti nzuri ya ng'ambo. Wimbo wa Kiluguru ungeishia chini ya Uluguru. Wimbo wa Kiswahili uliweza kueleweka Nachingwea na Ruangwa pasipo mkalimani, na kumfanya msikilizaji wa huko ajione kuwa amesemwa yeye. Kabla ya taifa kuwa na bendera, lilikuwa limekwisha kuwa na hadhira.

Historia rasmi ya utamaduni iliigawia Kusini nafasi nyingine. Baada ya uhuru, sindimba ya Wamakonde ilipandishwa kuwa moja ya ngoma zilizoiwakilisha Tanzania mbele ya wageni. Heshima hiyo ilistahili. Lakini ilikuwa na upande wake wa pili: Kusini ilichorwa kama ghala la ngoma za jadi, kana kwamba watu wake hawakuwa na redio wala hawakuijua chachacha. Kibarua wa Nachingwea aliyecheza ngoma ya kwao katika jando na kuserebuka rumba siku ya mshahara hakuona ubishi kati ya mambo hayo mawili. Ubishi ulikuwa kwa waandishi.

8.0 Swali la Utamaduni wa Taifa

Ubishi huo ulipata kauli yake maarufu tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri. Akitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wasomi wa Kiafrika walijivunia kujua dansi za kigeni, rumba na chachacha zikiwamo, ilhali wengi wao hawakuweza kucheza, pengine hata hawakupata kuzisikia, ngoma kama gombe sugu, mangala, kiduo na lele mama.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa na haki yake. Shule za kikoloni ziliwafundisha vijana kudharau ngoma za wazazi wao, na hakuna taifa linaloweza kusimama juu ya dharau ya namna hiyo. Hata hivyo, katika orodha hiyo dansi za Wazungu na za Wakuba ziliwekwa katika kapu moja. Kwa bendi kama Cuban Marimba, kapu hilo halikuwa sahihi. Waltz ilibaki waltz, haikupata maneno ya Kiswahili wala watunzi wa Kiswahili walioizoea kwa wingi. Rumba ilipata vyote viwili. Aliyeisakata rumba ya Salum Abdallah hakuwa akiiga Ulaya. Alikuwa akicheza wimbo uliotungwa na mtu wa Morogoro, katika lugha ambayo serikali yenyewe ilikuwa ikiijenga kuwa lugha ya taifa.

Matendo ya dola yalikuwa na busara kuliko orodha. Redio ya taifa iliendelea kupiga nyimbo za bendi. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, na miaka iliyofuata mashirika mengine ya umma yalianzisha bendi zao. Dansi ikakubaliwa, na sababu kubwa ya kukubaliwa kwake ilikuwa Kiswahili. Watunzi waliokuwa wameshaifanya lugha hiyo kuwa roho ya nyimbo zao walikuwa wameujibu ubishi kabla haujaulizwa.

Salum Abdallah hakuishi kuyaona hayo yote. Alifariki Novemba 1965 kwa ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka huo huo jina la Kuba lilikuwa likipata maana nyingine nchini: Ernesto Che Guevara alipita Dar es Salaam na Kigoma akielekea Kongo, kisha akarudi kwa njia hiyo hiyo baada ya kushindwa. Nachingwea nayo ilikuwa ikipata sura mpya kama kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Kuba ya gita na Kuba ya mapinduzi zilipishana katika nchi moja. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza, aliyekuwa mwimbaji katika kundi hilo hilo. Mbaraka Mwinshehe, kijana wa bendi pinzani, alikuja kuwa jina kubwa zaidi la muziki wa Morogoro hadi naye alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1979.

9.0 Hitimisho

Mambo matatu yamejitokeza. La kwanza, Salum Abdallah aliinuka si kwa sababu aliiga Kuba vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu alihama kutoka katika kuiga na kuingia katika kutunga, na chombo cha kuhamia kilikuwa Kiswahili. La pili, kuhama huko kulisaidiwa na ukaribu wa lugha na vipimo vya ushairi, jambo ambalo wanaisimu na wanafasihi wangeweza kulichunguza kwa pamoja, wimbo kwa wimbo. La tatu, hadhira ya wimbo wa dansi ilikuwa pana kuliko miji inayotajwa vitabuni, na sehemu kama Nachingwea na Ruangwa ni ushahidi wa masharti yaliyoiunda.

Kilicho hatarini sasa ni maneno yenyewe. Waimbaji wa zama za Cuban Marimba karibu wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Santuri za wakati huo huvunjika, na kanda za redio huharibika kwa joto na unyevu. Sehemu ya nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 ilikuja kutolewa upya kwa sidii na kampuni ya Dizim ya Ujerumani, na ni kheri kwamba ilitolewa. Lakini matini zake hazijapata nafasi katika mihtasari ya fasihi ya shule kama zilivyopata tenzi na mashairi. Mwanafunzi anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili akiwa anaujua ukwapi na utao, asijue kwamba kipimo hicho hicho kilichezwa ukumbini na maelfu ya watu.

Kazi inayotakiwa haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wanafunzi wenye vinasa sauti na subira, waende kwa wazee ambao bado wanazikumbuka beti hizo, waziandike kwa usahihi, na waulize zilisikika wapi, katika redio ya nani, na zilimaanisha nini kwa aliyezisikia. Waanzie Morogoro, kwa kuwa ndiko zilikotungwa. Wasiache kufika Nachingwea na Ruangwa, kwa kuwa wimbo hukamilika kwa aliyeusikia, na huko Kusini wasikilizaji wake hawajapata kuulizwa vya kutosha.